Tao la Mwamba: Jiwe Ndilo Linalopanga Safari

Watu wengi wanaopanga matembezi ya siku moja kwenda kuona tao la mwamba huanza na picha. Wameliona tao limesimama peke yake jioni, anga ikionekana katikati yake, na moyo umekwisha kufika. Kinachobaki ni kuuliza umbali. Wakiambiwa kwamba ni kilomita nne au tano kwenda na kurudi, wanahitimisha kwamba safari ni nyepesi, na kwamba chupa moja ya maji na viatu vyovyote vitatosha. Mimi huanza kwingine. Kabla ya umbali, huuliza tao lile ni la jiwe gani na ni kitu gani kilichotoboa tundu lake, kwa sababu nimesadiki kwamba karibu kila uamuzi wa safari hiyo, kuanzia saa ya kuondoka mpaka mahali pa kukaa na kupumzika, umo ndani ya jibu la swali hilo.

Matao mengi yanayofikika kwa miguu ni ya mawe ya mchanga. Jiwe la aina hii ni punje za mchanga wa kale zilizolimbikizana, zikabanwa na kushikamanishwa na madini, mara nyingi chokaa. Maji ya mvua huwa na asidi kidogo kwa sababu hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani, na asidi hiyo huiyeyusha chokaa taratibu. Punje zikikosa cha kuzishika, hudondoka. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, weka kiganja kwenye ukuta wa jiwe la mchanga lililokauka, uusugue kidogo, kisha ukitazame kiganja: utakuta punje nyekundu au za rangi ya manjano zimejibandika kwenye mistari ya mkono. Mwamba unaoonekana mgumu kwa mbali unaachia punje kwa kuguswa tu.

Mfano mzuri wa haya ni Hifadhi ya Taifa ya Arches katika jimbo la Utah, nchini Marekani, ambayo ina zaidi ya matao 2,000 yaliyoorodheshwa. Chini ya ardhi yake kuna tabaka nene la chumvi lililoachwa na bahari ya kale iliyokauka. Chumvi ikilemewa na uzito wa mawe yaliyo juu yake husogea polepole, hujikusanya na kufura mahali fulani, na kufura huko kuliyapasua mawe ya juu kwa nyufa ndefu zinazokwenda sambamba. Maji yakazipanua nyufa hizo hadi zikabaki kuta nyembamba za mawe, na baadhi ya kuta zikatoboka upande wa chini, pale ambapo jiwe ni laini zaidi au unyevu hukawia kukauka. Wakati wa baridi kali maji yaliyopenya kwenye nyufa huganda, hutanuka na kubandua vipande. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Jiří Bruthans wa Chuo Kikuu cha Charles, Prague, walichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo ambalo kwangu ni la kustaajabisha: punje za mchanga zilizobanwa na uzito hushikana na kustahimili mmomonyoko, ilhali zile zisizobeba mzigo huoshwa na kuondoka. Maji, basi, huiondoa sehemu ya jiwe isiyofanya kazi na kuiacha ile inayobeba. Ndiyo maana tao huwa na umbo ambalo mjenzi stadi angelichora, ingawa hakuna aliyelichora.

Elimu hii ina matumizi tangu siku ya kupanga. Nchi ambayo matao yake ni ya mawe ya mchanga mara nyingi ni nchi kavu, yenye mwamba mtupu, udongo haba na miti mifupi. Hapo tayari umejua mambo mawili: hutapata kivuli cha kutegemea, wala hutapata kijito cha kujazia chupa. Maji yote utakayokunywa lazima yatoke nawe mwanzo wa njia, na yasibaki kwenye gari. Katika eneo la Arches, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 37 za Selsiasi, wageni hushauriwa kuwa na lita 4 hivi za maji kwa kila mtu kwa siku. Kwa matembezi mafupi ya asubuhi si lazima ubebe zote, lakini nashauri kila mtu abebe yake mwenyewe, mtoto mkubwa naye abebe chupa yake ndogo, kwa sababu kikundi hutawanyika njiani na aliyebaki nyuma ndiye mwenye kiu zaidi. Nashauri pia mkubaliane mapema kwamba nusu ya maji ni ya kurudi. Kwenda huwa na hamu ya kufika. Kurudi huwa na jua lililopanda na miguu iliyochoka, na watu hunywa zaidi wakati wa kurudi kuliko walivyodhani.

Sasa tuje kwenye umbali. Ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, itakwambia jambo ambalo namba ya kilomita haisemi, yaani njia inapanda kiasi gani na inapanda wapi. Mwaka 1892 Mskochi William Naismith alitoa kanuni ambayo watembeaji wa milimani wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Chukua njia ya kwenda Delicate Arch, tao mashuhuri kuliko yote huko Utah. Ni kilomita 4.8 kwenda na kurudi, na kupanda ni takriban mita 146. Kwa kanuni ya Naismith, hesabu inatoa saa moja na robo. Hata hivyo wasimamizi wa hifadhi huwashauri wageni watenge saa mbili hadi tatu, na ushauri wao ni sahihi, kwa kuwa kanuni ile inamhusu mtu mwenye afya njema anayetembea mfululizo bila kusimama. Haimhesabu mtoto anayetaka kumtazama mjusi, wala mzee anayepumzika kila baada ya mwinuko, wala muda wa kukaa penyewe panapokusudiwa, ambao ndio tuliouendea. Kwa hiyo mimi hupiga hesabu ya Naismith, naizidisha mara mbili, kisha naongeza saa nzima ya kukaa kwenye tao. Watakaofika mapema hawatakuwa wamepoteza chochote.

Ugumu wa njia pia hautokani na urefu wake peke yake. Katika hifadhi hiyohiyo, njia ya kwenda Landscape Arch ni kama kilomita 3 kwenda na kurudi, imetandazwa kokoto, na mtu yeyote anayeweza kutembea mwendo wa kawaida ataifurahia. Njia ya Delicate Arch inaizidi kwa chini ya kilomita mbili tu, lakini sehemu yake kubwa hupanda juu ya mwamba wazi usio na kivuli hata kidogo, na karibu na mwisho, kwa mita 200 hivi, inapita kwenye ukingo uliochongwa ubavuni mwa jabali. Mtu anayeogopa kimo anapaswa kuambiwa habari hiyo nyumbani, siyo akiwa ameshafika hapo. Na kwa wenzetu ambao miguu haiwaruhusu kupanda, lipo eneo la kutazamia karibu na barabara ambalo hulionyesha tao lilelile kwa mbali. Ninapopanga safari ya kikundi, mahali pa aina hii ndipo ninapopatafuta kwanza, maana huifanya safari iwe ya wote.

Upande wa kulikaribia tao nao ni sehemu ya mpango. Mwaka 1947 Eric Shipton, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Kashgar, magharibi mwa China, alilifikia tao kubwa mno ambalo wakazi wa huko walikuwa wakilijua siku nyingi. Alikuwa amejaribu kulifikia kwa upande wa kusini akazuiwa na mtandao wa makorongo. Kutoka kaskazini njia ilifunguka. Ukilitazama kutoka upande huo unaoendeka, tao linaonekana kuwa na kimo cha makumi ya mita tu. Ukisogea ukingoni na kutazama chini upande wa pili, kina kinazidi mita 300. Katika safari zetu ndogo hatutavuka makorongo ya namna hiyo, lakini kanuni haibadiliki: jiulize njia inafikia upande gani wa tao, na nyuma yake kuna nini. Tundu la tao huwavutia watoto wapite ndani yake mbio, na mara nyingi upande wa pili hauna uwanda bali una mteremko mkali.

Upande huohuo ndio utakaoamua saa. Tao linaloelekea mashariki hupata nuru asubuhi, na mchana hubaki kivuli chenye anga jeupe nyuma yake. Landscape Arch hupendeza asubuhi. Delicate Arch huwaka alasiri na kuelekea machweo, ndiyo sababu umati hukusanyika huko jua linapotua. Dira na ramani vinatosha kukuonyesha jambo hili kabla hujatoka nyumbani. Mimi binafsi huchagua asubuhi hata kama nuru ya jioni ni nzuri zaidi, kwa sababu anayekwenda alfajiri anaupata mwamba ukiwa bado na baridi ya usiku, na kila saa inayopita inamwongezea mwanga wa kurudia. Anayekwenda kutazama machweo hurudi gizani. Jambo hilo linawezekana, lakini sharti kila mtu awe na taa ya kichwani yenye betri zilizojaribiwa, wala asitegemee mwanga wa simu, kwa kuwa simu hiyohiyo ndiyo itakayohitajika kuita msaada.

Kutembea juu ya mwamba mtupu kuna adabu yake. Jiwe la mchanga likiwa kavu hukamata soli vizuri kiasi cha kumshangaza mgeni, na watu hupanda mteremko ambao kwenye udongo wangeteleza. Hatari iko katika mambo mawili. La kwanza ni punje zilizodondoka na kutandazika juu ya jiwe, ambazo humfanya mtu ateleze kama aliyekanyaga nafaka zilizomwagika sakafuni. La pili ni kushuka: mteremko uliopandwa kwa urahisi unapoonekana kutoka juu huwa ni habari nyingine, na magoti hulalamika. Viatu vyenye soli ya mpira laini yenye mikato, vilivyokwisha kuzoeana na mguu, ndivyo vinavyofaa. Viatu vipya huzaa malengelenge hata kwenye njia fupi. Kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua, kisanduku kidogo cha huduma ya kwanza na filimbi vinajulikana na kila mtu, nami sitavieleza kwa urefu.

Mwamba mtupu hauhifadhi alama ya nyayo, kwa hiyo njia huonyeshwa kwa marundo madogo ya mawe yaliyowekwa na watunzaji. Unaposimama kwenye rundo moja, litafute la pili kwa macho kabla hujaondoka. Ukiwa huoni la pili, usiendelee kwa kubahatisha. Rudi nyuma hadi lile la mwisho ulilolijua. Na tafadhali, usijenge rundo lako kwa kujifurahisha, wala usimruhusu mtoto ajenge, maana atakayekuja nyuma yako ataliamini. Kila baada ya muda geuka utazame ulikotoka, kwa kuwa njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda, na jabali ulilolipita kushoto sasa litakuwa kulia.

Kandokando ya mwamba, pale penye udongo, kuna kitu ambacho wageni wengi hukikanyaga bila kujua. Katika nyanda kavu za Utah utaona juu ya mchanga ganda jeusi lenye vinundu vidogovidogo. Inama ulitazame kwa karibu, bila kuligusa. Ganda hilo liko hai: ni mkusanyiko wa sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea), kuvu, kuvumwani (kuvu na miani vinavyoishi pamoja) na miani, na nyuzi zake nyembamba hufunga punje za mchanga zisipeperushwe, hushika unyevu na kuirutubisha ardhi kwa naitrojeni. Nyayo moja hulivunja, na kupona kwake huweza kuchukua miongo kadhaa. Kwa sababu hiyo, katika mpango wangu sehemu ya kupumzikia huwa juu ya mwamba au kwenye njia yenyewe, kamwe si pembeni kwenye udongo, hata kama kuna kijiti chenye kivuli kinachoita.

Hali ya hewa ndiyo inayopewa muda mdogo kuliko unaostahili. Mvua hulidhoofisha jiwe la mchanga, na wapanda majabali waungwana huliacha likauke kabisa kabla ya kulishika tena. Kwa mtembeaji, mwamba uliolowa ni utelezi, na mifereji iliyochongwa ndani yake ni njia za maji. Yapo matao yaliyochongwa na mto uliopita chini yake, kama Rainbow Bridge ya Utah, ambayo ilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa mwaka 1910. Mahali pa namna hii unatembea ndani ya mkondo, hata kama leo ni mkavu. Mafuriko ya ghafla hutokana na mvua iliyonyesha mbali, juu ya korongo, huku anga ya kichwani mwako ikiwa safi. Kwa hiyo utabiri unaousoma uwe wa eneo lote linalomwaga maji huko, wala si wa mji ulimolala. Radi nayo ina kanuni moja tu: ukiisikia ngurumo, shuka. Usijikinge chini ya tao, wala kwenye pango fupi au chini ya jabali lililochomoza, kwa kuwa umeme hupita kwenye uso wa mwamba na kuruka uwazi wa namna hiyo.

Hapo nimefikia jambo ninalolijali kuliko yote. Tao ni hatua moja katika kubomoka kwa mwamba, na hakuna anayejua siku litakapoanguka. Landscape Arch, ambalo uwazi wake ni karibu mita 88, lilidondosha bamba kubwa la jiwe mwaka 1991 huku watu wakiwa karibu. Hakuna aliyeumia, na njia iliyokuwa ikipita chini yake ilifungwa. Wall Arch, lililokuwa kando ya njia inayoendelea mbele kutoka Landscape Arch, liliporomoka usiku mmoja mwezi Agosti 2008 na kuiziba njia kwa vifusi. Tarehe 8 Agosti 2024 tao lililoitwa Double Arch, katika eneo la Glen Canyon, lilianguka kwenye Ziwa Powell. Ukifika kwenye tao, kabla ya kuingia chini yake, simama mbali kidogo ulitazame upande wa ndani wa paa lake. Jiwe lililokaa muda mrefu huwa na rangi iliyokolea na madoa meusi ya maji; mahali palipobanduka karibuni huwa na rangi nyepesi, safi, yenye kingo kali. Tazama na chini: vipande vyenye rangi hiyo nyepesi vikiwa vimetawanyika juu ya mchanga, vimetoka hapo juu. Mimi hukaa mahali ambapo ninaliona tao zima, ambapo picha huwa nzuri zaidi vilevile, na chini yake hupita bila kukawia.

Juu yake sipandi kabisa, na katika sehemu nyingi ni marufuku. Huko Arches hairuhusiwi kupanda matao yenye majina, na katika Jamhuri ya Cheki, Pravčická brána, tao kubwa kuliko yote ya mawe ya mchanga barani Ulaya, lenye uwazi wa mita 26.5, limefungwa kwa wanaotaka kutembea mgongoni mwake tangu mwaka 1982. Punje kama zile zilizobaki kiganjani mwako ndizo ambazo nyayo huziondoa kwa maelfu.

Matao ya pwani yana mshauri mwingine, naye ni bahari. Baadhi ni ya mawe ya chokaa, na mawimbi huyala kwa chini. Tarehe 15 Januari 1990, katika jimbo la Victoria nchini Australia, sehemu ya daraja la mwamba lililoitwa London Bridge iliyounganika na nchi kavu iliporomoka, na watu wawili wakabaki juu ya kipande kilichosalia baharini hadi helikopta ilipowachukua. Azure Window ya Malta ilianguka katika dhoruba tarehe 8 Machi 2017, na Darwin's Arch ya visiwa vya Galápagos ikapoteza sehemu yake ya juu Mei 2021. Anayepanga kwenda kwenye tao la pwani na aanze na jedwali la maji kujaa na kupwa, apange kufika maji yakiwa bado yanapwa, na awe ameondoka ufukweni kabla hayajageuka. Hapa umbali hauna sauti kabisa. Saa ya bahari ndiyo inayotawala.

Ukishapata majibu yote hayo, mpango wenyewe unaandikwa kwenye karatasi moja: jina la njia, saa ya kuanza, saa ya kugeuka, na saa ambayo mtu aliyebaki nyumbani akiona hamjampigia simu aanze kuwatafuta. Saa ya kugeuka huiandika kwa herufi kubwa na kuwasomea wote kabla ya hatua ya kwanza, maana tao likianza kuonekana kwa mbali kila mtu huomba dakika kumi zaidi. Delicate Arch halionekani hata kidogo mpaka uizunguke kona ya mwisho, kwa hiyo wengi huchoka na kukata tamaa wakiwa wamebakiza hatua chache. Wenzako wakilijua hilo tangu mwanzo, watavumilia. Karatasi moja inabaki kwa mtu wa nyumbani, nakala inakwenda mfukoni, na ramani inapakuliwa kwenye simu mapema kwa sababu huko mtandao mara nyingi haupo. Usiku wa kuamkia safari ninasoma utabiri mara ya mwisho, na mvua ikiwa imenyesha huko, siku inabadilishwa, hata kama begi limekwisha kufungwa.